Kizibo

Septemba, mjini Mercedes, baridi inalegeza mshiko,
nami nimesimama uani kwa ndara na sweta la marehemu mjomba,
nalitazama sanduku lake la maua, la saruji tupu,
nene kama ukaidi wake, refu kama benchi la kanisani,
limepakwa njano na nyeusi kwa heshima ya timu
iliyomliza kila Jumapili.

Ndani: kisiki cha asumini, vipisi vya sigara,
kibanio kimoja cha nguo,
na udongo uliogoma, mgumu kama mkate wa juzi.

Nélida akachomoza kichwa juu ya ukuta.
"Livunje tu. Nyundo ninayo."
Nikamwambia nitapanda viungo.
Akacheka kicheko cha mtu
aliyewahi kula kwangu.

Nililima kwa uma na bisibisi.
Nikatia mchanga wa mtoni, samadi ya farasi wa Olegario,
na makapi ya mate,
kile kinywaji chetu cha kibuyu na mrija,
si yale ya mdomoni, ingawa
wiki ile yalikaribia kuwa yaleyale.

Rehani nikaiweka upande wa jua,
zaatari pembeni ipate upepo, oregano katikati.
Nanaa nikaifungia kwenye kopo la rangi, peke yake,
maana nanaa ni mgeni
anayeomba kiti akachukua kitanda.

Kisha mvua. Siku nne.
Ya tano nikakuta uji.
Rehani imesawijika shingoni,
zaatari inaelea mizizi juu,
na kopo la nanaa, peke yake, limestawi kwa kejeli.

Nikamshtaki maiti kwa sauti.
Wilmar! Fundi bomba wa mtaa mzima!
Umepitisha maji chini ya kila sakafu ya watu,
kwako mwenyewe ukasahau tundu moja!
Nélida akasikia yote. Hakusema kitu, jambo nadra.

Nikachota tope kwa kikombe, kisha kwa mikono,
nikazama hadi kiwiko, hadi karibu na kwapa,
vidole vikapapasa sakafu ya saruji.

Tundu lilikuwepo.
Duara safi, kingo zake zimelainishwa kwa kidole gumba,
na ndani yake, kimekazwa, kizibo cha chupa ya mvinyo
kilichoviringishwa utepe wa bluu.

Utepe ule naujua.
Ni wa shuleni, tuliufunga shingoni
juu ya vazi jeupe.
Ni ule niliomwapia mama
kwamba upepo umeniporomoshea mtoni, darajani,
nikalia na machozi ya ziada.

Nilikuwa na miaka tisa na kobe wa mtoni
niliyempa jina Waziri,
kwa kuwa hakuna jambo lililomharakisha.
Alihitaji bwawa.
Kiangazi kizima aliogelea humu
kati ya njano na nyeusi, akila nyama ya mjomba.
Machi akatoroka.
"Liache hivyo hivyo," mjomba alisema. "Huenda akarudi."

Asumini aliipanda mimi nimekwisha kuolewa.
Ikaoza. Akapanda nyingine.
Ikaoza. Akanunua ya tatu.
Na fundi bomba, hata aliyezeeka,
tundu lake analijua.

Nikavuta.
Sanduku likapiga mbweu moja ndefu,
maji meusi yakatambaa kwenye vigae
yakapita chini ya ukuta kwa Nélida,
naye sasa akapata cha kusema.

Nimepanda upya, kokoto kwanza.
Oregano imeshika. Rehani ya pili bado inafikiri.
Kizibo kipo dirishani, sijui cha kukifanyia.
Utepe nimeufua mara tatu, bado unanuka kobe,
nimeuanika kambani kwa kile kibanio
kilichotoka humo humo.